Askofu Mkuu Aliyewaulizia Wavuvi

Katika milima ya Uluguru liko swali ambalo halizeeki. Mkulima wa Mgeta amelima kabichi na njegere. Mvua imenyesha vema, na mboga zimekomaa zote kwa pamoja. Gari la mizigo lapanda mlimani Dominika alfajiri, na lisipopakiwa siku hiyo, mboga zitaozea matengani. Je, apakie, au aziache zioze kwa ajili ya siku ya Bwana? Bibi wa nyumba asema ni dhambi. Kijana asema watoto hawawezi kula sikukuu. Baba wa nyumba, aliye katikati yao, hunyamaza. Pengine hupakia kwa siri, kisha hana raha moyoni hata arudipo kanisani Dominika ya pili.

Leo twataka kuwajibu wote watatu, lakini kwa njia ndefu kidogo. Kwani swali hilo halikuanza Uluguru. Liliulizwa zaidi ya miaka 800 iliyopita, mbali sana na hapa, katika nchi ya baridi iitwayo Norwei. Na aliyeliuliza hakuwa mkulima wala mvuvi, bali Askofu Mkuu. Aliuliza kwa niaba ya wavuvi wake. Baba Mtakatifu akamjibu, na jibu lile likaingia katika sheria ya Kanisa zima. Jina la Askofu Mkuu huyo ni Eystein Erlendsson. Maisha yake yafaa kusomwa katika kila nyumba ya Kikatoliki, kwa mema aliyoyatenda, na hata kwa kosa lake.

KANISA CHANGA LA MBALI

Eystein alizaliwa katika karne ya 12, katika nchi inayouzunguka mji wa Nidaros, yaani mji uliojengwa mdomoni mwa mto Nid. Siku hizi mji huo huitwa Trondheim. Huko kaskazini mchana wa katikati ya mwezi wa Desemba hauzidi saa tano, na usiku wa mwezi wa Juni karibu hauna giza. Watu wake waliishi kwa shamba dogo, kwa mifugo, na zaidi ya yote kwa samaki wa baharini.

Ukristo ulikuwa umefika kwao kwa taabu. Mfalme wao Olav Haraldsson, aliyejitahidi kuieneza dini, aliuawa vitani huko Stiklestad mwaka 1030. Akazikwa Nidaros, na muda si muda watu wale wale waliompinga wakaanza kumheshimu kuwa Mtakatifu. Mahujaji wakaja kaburini kwake kutoka nchi nyingi. Hata hivyo Kanisa la Norwei halikuwa na kichwa chake lenyewe. Lilikuwa chini ya Askofu Mkuu wa Lund, katika ufalme wa Denmark wa siku zile, na kila jambo kubwa lilingojea neno la ng'ambo.

Yapata mwaka 1153 mambo yaligeuka. Baba Mtakatifu Eugenio III alimtuma Kardinali Nicholas Breakspear, Mwingereza, ambaye mwaka 1154 alikuja kuwa Papa Adriano IV. Huyo aliufanya Nidaros kuwa makao ya Jimbo Kuu. Chini yake yakawekwa majimbo ya Norwei, majimbo mawili ya Iceland, na majimbo ya visiwa vingine vya bahari ya kaskazini, hata Greenland yenye barafu. Kwa jumla yalikuwa majimbo 11. Askofu aliyetaka kuonana na Askofu Mkuu wake alilazimika kungoja majira ya upepo na kujitia katika bahari kwa majuma mengi.

Twamwomba msomaji asimame hapa na kuhesabu. Tarehe 25 Machi 1953, karibu miaka 800 kamili baadaye, Papa Pio XII aliweka katika Tanganyika majimbo kamili ya Kanisa, na Vikarieti ya Bagamoyo ikawa Jimbo la Morogoro. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa wamefika Bagamoyo mwaka 1868. Wakapanda bara hadi Mhonda mwaka 1877, kisha wakaja Morogoro na Matombo chini ya milima yetu. Askofu wa siku zile za mwanzo wa Jimbo, Herman van Elswijk, alikuwa Mholanzi. Mwaka 1966 alifuatwa na Adriani Mkoba, mwana wa nchi hii. Basi, tusomapo habari za Norwei, tusidhani kwamba twasoma habari za watu waliozaliwa Wakristo. Nao pia walibatizwa na wageni, nao pia walingoja siku ya kumwona mwana wao wenyewe ameshika bakora ya kichungaji.

Askofu Mkuu wa kwanza wa Nidaros alifariki mwaka 1157, na mwaka ule ule Eystein akachaguliwa. Alikuwa kasisi katika nyumba ya mfalme Inge. Haikuwa rahisi kwake kupata palio, kile kitambaa cha sufu nyeupe ambacho Baba Mtakatifu humvika Askofu Mkuu mabegani kuwa ishara ya umoja na Roma. Tangu mwaka 1159 palikuwa na fitina kubwa juu ya kiti cha Petro, kwani watu wawili walidai kuwa Papa. Eystein alisimama na Papa halali, Aleksanda III, na mwaka 1161 akaanza kazi yake nyumbani akiwa Askofu Mkuu kamili.

MASWALI YALIYOPELEKWA ROMA

Askofu aliye mbali aweza kufanya moja la mambo mawili. Aweza kuzisoma sheria zilizotungwa katika nchi nyingine na kuwatwika watu wake kama zilivyo. Au aweza kusema kwamba Roma ni mbali, akajitungia zake. Eystein hakufanya hili wala lile. Aliuliza. Alimwandikia Baba Mtakatifu barua baada ya barua, akimweleza jinsi watu wake waishivyo, na majibu kadhaa ya Aleksanda III yamehifadhiwa mpaka leo.

Swali la wavuvi ndilo hili. Katika bahari ya Norwei kuna samaki wadogo waitwao heringi, ambao huja kwa makundi makubwa mno, mfano wa dagaa wetu wa ziwani. Hawakai. Huikaribia pwani kwa siku chache, kisha huondoka, na hakuna ajuaye watarudi lini. Wakija Dominika, na wavuvi wakaketi nyumbani, huenda familia nzima ikakosa chakula cha majira yote ya baridi. Wala si watu wa kaskazini waliochagua siku ya kuja samaki.

Baba Mtakatifu alijibu kwa busara. Alikumbusha kwanza kwamba siku takatifu zimeamriwa na Maandiko, ya Agano la Kale na ya Agano Jipya pia. Kisha akaruhusu. Heringi wakiielekea nchi kavu, na haja ikiwabana watu, wavue hata katika Dominika na sikukuu, isipokuwa sikukuu zilizo kubwa zaidi. Lakini wakiisha kuvua, watoe sehemu ifaayo kwa makanisa ya jirani na kwa maskini wa Kristo.

Mwaka 1234 Papa Gregorio IX alipotoa kitabu kikubwa cha sheria za Kanisa, barua ile kwa Askofu Mkuu wa Nidaros iliwekwa ndani yake. Tangu hapo wanasheria wa Kanisa huko Bologna na Paris, watu ambao pengine hawakumwona heringi hai hata siku moja, walijifunza haki ya mkulima na mvuvi siku ya Dominika kwa mfano wa wavuvi maskini wa kaskazini. Kanisa changa, lililodhaniwa kuwa la kupokea tu, lilikuwa limelipa Kanisa zima zawadi.

Liko na swali jingine, ambalo watu wa Uluguru watalielewa upesi. Siku zile sheria ya Kanisa ilikataza ndoa kati ya ndugu wa damu hata kizazi cha saba. Sasa kulikuwa na kisiwa kilicho mbali na Norwei kwa safari ya siku 12 au zaidi. Watu wake walikuwa wachache, wote wakiwa ndugu, na mchumba wa mbali hakupatikana. Mluguru, ambaye tangu utotoni hufundishwa asioe katika ukoo wa mama yake, ajua jinsi sheria ya namna hiyo ilivyo na maana, na ajua pia jinsi ingekuwa nzito kama milima yote ingekuwa na ukoo mmoja tu. Baba Mtakatifu alimpa Askofu Mkuu uwezo wa kuwaruhusu watu wale waoane katika kizazi cha tano, cha sita na cha saba. Mwaka 1215 Mtaguso wa Laterani ulipunguza katazo hilo kwa Wakristo wote, likawa mpaka kizazi cha nne.

Na tujiulize: Askofu Mkuu alizijuaje habari za heringi? Hakuwa mvuvi. Ni lazima watu walisema. Hawakuvua kwa siri usiku na kunyamaza mchana, wala hawakuidharau sheria. Walipeleka shida yao kwa wakubwa wa Kanisa, nayo ikafika mpaka Roma. Mnyororo huo ukikatika mahali pamoja, sheria hubaki jiwe, na watu hubaki wanafiki.

Sisi wa Morogoro tumeona kwa macho yetu jinsi mambo yawavyo mahali ambapo hakuna anayeuliza. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Waingereza iliona udongo wa Uluguru ukichukuliwa na maji, ikawaamuru watu walime kwa matuta ya ngazi. Kwamba udongo ulikuwa ukipotea ni kweli, wala nia ya kuuokoa haikuwa mbaya. Lakini kazi ile ilikuwa nzito mno. Mahali pengi ilifukua udongo usio na rutuba na kuuleta juu. Na mkulima, aliyeijua miteremko ile kuliko wote, alipewa amri kabla ya kusikilizwa. Julai 1955 ghasia zikazuka Matombo, polisi wakapiga risasi, na mtu akapoteza maisha. Mpango ule ukaachwa. Amri yenye nia njema, isiyomsikiliza yule atakayeibeba, huishia kuwachosha watu na kumwaibisha aliyeitoa.

TAJI LA MTOTO

Tungependa kuishia hapo, na kumwonyesha msomaji Askofu asiye na doa. Lakini historia ya Kanisa haihitaji kupakwa rangi. Eystein aliyewasikiliza wavuvi hakuwasikiliza watu wote.

Katika siku zake Norwei ilikuwa imeteketea kwa vita vya ndugu, vilivyoanza mwaka 1130. Kila mwana wa mfalme, awe wa ndoa au wa nje, aliweza kudai ufalme, na kila mmoja alikuwa na watu wa kumpigania. Mkuu mmoja mwenye nguvu, Erling Skakke, alitaka mwanawe mdogo Magnus awe mfalme. Mtoto huyu hakuwa mwana wa mfalme. Mama yake, Kristin, ndiye aliyekuwa binti wa mfalme. Mluguru, ambaye ukoo wake huhesabiwa kwa mama, ataiona haki hiyo kuwa nyeupe kama mchana. Lakini Wanorwei walihesabu ufalme kwa baba.

Mwandishi Snorri Sturluson wa Iceland, aliyeishi katika karne ya 13, asimulia jinsi Erling na Askofu Mkuu walivyopatana. Eystein alikuwa amewashawishi wakulima wa nchi yake walipe faini za Kanisa kwa fedha safi, yenye thamani kubwa kuliko ile ya kawaida, nao walikubali kwa kuwa walimpenda. Erling akamwuliza kama hilo lilikuwa sawa na sheria ya Mtakatifu Olav. Askofu Mkuu akajibu kwamba wenyewe waliridhia, na kwamba Olav hakukataza mtu kumwongezea Mungu haki yake. Kisha akamrudishia swali: je, sheria ya Olav yaruhusu kumtawaza asiye mwana wa mfalme? Wote wawili wakaona kwamba kila mmoja alimhitaji mwenzake. Mwaka 1163 au 1164, katika mji wa Bergen, Eystein alimtia Magnus mafuta na kumvika taji, naye mtoto alikuwa na umri wa miaka saba hivi. Hakuna mfalme wa nchi zile za kaskazini aliyekuwa amevikwa taji na Kanisa kabla yake.

Hatusemi kwamba Askofu Mkuu aliuza sakramenti. Alitaka amani. Katika sheria mpya ya urithi, mwana mkubwa wa ndoa halali ndiye aliyetangulia, naye asipofaa, maaskofu na watu wenye busara wamchague mwingine. Lilikuwa jambo jema kuliko upanga. Lakini kwa kujifunga na upande mmoja, alifungua pengo ambalo mawaidha yake hayakuweza tena kuliziba. Watu wa upande wa pili walipomtazama mimbarini hawakumwona baba yao. Walimwona rafiki wa Erling.

Na upande wa pili ulikuja kwa nguvu. Kutoka visiwa vya Faroe alifika mtu aitwaye Sverre, aliyesema kwamba yeye ni mwana wa mfalme. Alikuwa na watu wachache na maskini, waliojifunga magome ya miti miguuni kwa kukosa viatu. Mwaka 1179 Erling aliuawa pale pale Nidaros. Mwaka 1180 Magnus alishindwa, na Askofu Mkuu akakimbilia Uingereza.

UGENINI, NA KURUDI

Huko ugenini Eystein alikaa kwa muda katika monasteri ya Bury St Edmunds. Mtawa mmoja wa huko, Jocelin wa Brakelond, ametuachia habari yake. Abati wao alikuwa amekufa, na mgeni kutoka Norwei akawekwa katika nyumba ya abati, akipewa shilingi 10 kila siku katika mapato ya monasteri kwa amri ya mfalme. Jocelin anamwita Augustino, jina lake kwa Kilatini. Watawa walitaka wamchague abati wao kwa uhuru, bila kuchaguliwa mtu na mfalme. Mgeni yule akawasaidia, akashuhudia kwa mfalme mambo aliyoyaona na kuyasikia. Mwaka 1182 walimpata abati wao, Samson, ambaye sifa zake hazijafa hata leo.

Kuna jambo la kutafakari hapo. Mtu aliyefukuzwa kwao kwa sababu ya kumfanya mfalme awe wa Kanisa, alitumia siku zake za uhamisho kuwasaidia watawa wa kigeni wasitawaliwe na mfalme katika uchaguzi wao. Hatuwezi kujua aliyoyawaza usiku katika nyumba isiyo yake. Twajua alilolitenda baadaye. Mwaka 1183 alirudi. Mwaka 1184 Magnus aliuawa vitani, na Sverre akabaki mfalme peke yake. Eystein hakukimbia tena. Alipatana na mfalme aliyekuwa adui yake, akabaki na watu wake, akaendelea na kazi aliyoipenda kuliko zote, yaani kujenga kanisa kuu juu ya kaburi la Mtakatifu Olav.

Kanisa hilo alikuwa amelianza zamani. Lipo andiko katika ukuta wake lisemalo kwamba mwaka 1161 aliweka wakfu altare mojawapo. Katika kitabu alichokiandika juu ya mateso na miujiza ya Mtakatifu Olav, Eystein asimulia kwamba siku moja alipanda kuikagua kazi ya mafundi, jukwaa likavunjika, naye akaanguka na kuumia vibaya. Akamwomba Olav, akapona kiasi cha kuweza kuiadhimisha sikukuu yake pamoja na watu. Twapenda habari hii kwa kuwa ni ya kawaida sana. Ni Askofu aliyepanda juu ya miti ya wajenzi badala ya kungoja taarifa ofisini.

Alifariki tarehe 26 Januari 1188. Habari za mfalme Sverre zasimulia kwamba mfalme alimwendea alipokuwa mgonjwa wa kufa, wakasameheana. Mwaka 1229 sinodi ya Nidaros ilimtangaza kuwa Mtakatifu, na tarehe ya kufa kwake ndiyo sikukuu yake.

Mwaka 1537, katika mageuzi ya Kiprotestanti, Askofu Mkuu wa mwisho wa Nidaros alikimbia, na Jimbo Kuu likafa. Kanisa kuu alilolijenga Eystein bado limesimama, nalo ni mali ya Walutheri. Wakatoliki wa Norwei leo ni wachache, na wengi wao walitoka nchi nyingine. Lakini katika mji wa Bodø, kaskazini zaidi ya Trondheim, iko parokia ya Kikatoliki yenye jina la Mtakatifu Eystein. Ukuta umechukuliwa, jina halikuchukuliwa.

NASI JE?

Sasa turudi Mgeta, kwani gari lingali linangoja.

Kwa bibi wa nyumba twasema hivi: Mama, heshima yako kwa siku ya Bwana ni hazina, usiache kuwafundisha wajukuu. Lakini Kanisa halijawahi kusema kwamba Mungu hupendezwa na chakula kilichooza huku watoto wakilala njaa. Alivyojibu Aleksanda III kwa wavuvi ndivyo Katekisimu ya Kanisa inavyofundisha hata leo, kwamba haja ya kweli ya familia ni udhuru halali wa kutopumzika Dominika.

Kwa kijana twasema: Mwanetu, usishangilie upesi. Ruhusa ile ilikuwa na mipaka mitatu. Wa kwanza, haja iwe ya kweli. Heringi hawakungoja Jumatatu. Je, na mboga zako haziwezi kungoja, au ni wewe uliyelala Ijumaa? Wa pili, sikukuu zilizo kubwa zaidi zisiguswe. Pasaka na Noeli si siku za soko. Wa tatu, na huu ndio tunaousahau kuliko yote, sehemu itolewe kwa Kanisa na kwa maskini. Aliyepakia matenga kumi Dominika na asikumbuke hata kichwa kimoja cha kabichi kwa mjane wa jirani, huyo hakutumia ruhusa, aliiba siku. Wala ruhusa ya kufanya kazi si ruhusa ya kuiacha Misa pale inapowezekana kuhudhuria. Mtu apakie alfajiri, aende kanisani. Au aende Misa ya kwanza, kisha apakie.

Kwa baba wa nyumba, aliyenyamaza, tuna neno moja tu: Sema. Mwambie padre wako. Mwambie katekista wa kigango. Liseme jambo lako katika jumuiya ndogo ndogo. Huenda padre akapanga saa nyingine ya Misa katika majira ya mavuno. Huenda wenye magari, wakiombwa na parokia nzima, wakapanda Jumamosi. Mzigo uliofichwa hauwezi kuinuliwa na mtu wa pili. Wavuvi wa Norwei wangalinyamaza, wangaliendelea kuvua kwa hofu, na Kanisa lingalikosa sheria njema.

Nao wanaotuongoza, katika Kanisa na katika nchi, tunawaomba kwa heshima waukumbuke upande wa pili wa maisha ya Eystein. Alipowasikiliza wavuvi, neno lake lilifika Roma na kudumu karne nyingi. Alipowasikiliza wakubwa wa upande mmoja, nusu ya kundi lake ikaacha kumsikia. Mchungaji hana upande ila upande wa zizi. Na ikiwa amekwisha kosea, njia ya kurudi ipo. Mzee yule, aliyelala kitandani akimngoja adui wake wa zamani aingie, atuonyesha kwamba hakuna aliyechelewa kupatana maadamu angali na pumzi.

Wako wanaodhani kwamba Kanisa la milimani ni mkia wa Kanisa, na kwamba mambo makubwa hutungwa mijini na Roma, kisha hupandishwa kwetu kama chumvi na sabuni. Wadhanio hivyo na waende wakautazame mto Ruvu. Chemchemi zake zimo Uluguru, katika misitu ambayo wengi wa Dar es Salaam hawajapata kuiona. Na kila asubuhi maji yake hujaza ndoo za mji ule mkubwa. Kutoka juu, mahali padogo, hushuka uzima wa wengi. Ndivyo lilivyoshuka swali la wavuvi wa Nidaros. Basi na tusiyafiche maswali yetu.